Louis Braille na Msharasi wa Baba Yake

Muhula huu mwalimu wetu wa Historia alitupa kazi. Kila mmoja wetu achague mtu mmoja mashuhuri aliyekufa zamani, asome habari zake, kisha azisimulie kwa maneno yake mwenyewe. Wenzangu wengi walichagua wafalme, majemadari na viongozi waliopigania uhuru. Mimi nilimchagua mtoto wa fundi wa ngozi, mtu ambaye hakushika bunduki wala hakutawala hata kijiji kimoja. Jina lake ni Louis Braille. Sababu ya kumchagua ni babu yangu, na kwa hiyo sina budi kuanza na habari za babu.

Nyumbani kwetu ni hapa hapa Masakta. Babu alikuwa fundi wa ngozi tangu ujana wake. Alitengeneza mikanda ya kufungia nira za ng'ombe wa kulimia, na kamba, na mijeledi, na watu walimletea kazi kutoka Balangdalalu hata Basotu. Alipokuwa mzee macho yake yakaanza kumsumbua. Kope zilijikunja kuelekea ndani, zikawa zinakwaruza kioo cha jicho kila alipopepesa. Ugonjwa huo ni vikope, ambao madaktari huuita trakoma, nao umewapofusha wazee wengi katika sehemu kavu za nchi yetu. Babu alivumilia kwa muda mrefu, nasi tulimwacha avumilie. Tulipompeleka hospitali tulikuwa tumechelewa. Daktari alizinyosha zile kope na maumivu yakakoma, lakini makovu yaliyokwisha kuwamo katika macho hayakuondoka. Babu alibakiwa na nuru kidogo tu. Anatambua mchana na usiku, anatambua dirisha na ukuta, na mtu akisimama mbele ya mwanga humwona kama kivuli.

Tulipomrudisha nyumbani tulifanya jambo ambalo tulidhani ni heshima. Tulimwekea kiti chini ya mti. Tulimletea maji, tulimletea chakula, tulimshika mkono alipotaka kwenda chooni. Mimi mwenyewe niliuchukua mfuko wake wa vyombo, wenye kisu, sindano na msharasi, nikaupandisha darini asije akajiumiza. Babu hakusema neno. Lakini tangu siku ile akawa mtu wa kimya. Yeye aliyekuwa akisimulia hadithi jioni sasa alikwenda kulala kabla ya kuku. Hali hiyo ilikuwa imedumu miezi mingi nilipoanza kusoma habari za Louis Braille.

Louis alizaliwa tarehe 4 Januari, 1809, katika kijiji cha Coupvray, nchi ya Ufaransa, umbali wa kilometa 40 hivi upande wa mashariki wa mji wa Paris. Baba yake aliitwa Simon-René na mama yake Monique. Walikuwa na watoto wanne, naye Louis alikuwa kitinda mimba. Simon-René alikuwa fundi wa ngozi. Siku zile hakukuwa na motokaa wala trekta. Farasi ndiye aliyelima na kuvuta magari, na kila farasi alihitaji hatamu na matandiko. Kwa hiyo fundi huyu alikuwa mtu wa maana sana kijijini.

Siku moja katika mwaka 1812, Louis akiwa na umri wa miaka mitatu, aliingia katika chumba cha kazi cha baba yake. Alikuwa amezoea kumtazama baba akitoboa ngozi, naye akataka kutoboa. Akatwaa chombo chenye ncha kali. Wengi husema chombo hicho kilikuwa msharasi. Akainamisha uso karibu na ngozi, akasukuma kwa nguvu zake zote za kitoto. Chombo kikateleza, kikamchoma jichoni.

Zamani zile hakuna aliyejua habari za vijidudu, wala hapakuwa na dawa za kuviua. Jicho lile liliharibika. Kisha, kama itokeavyo mara nyingine jicho moja linapojeruhiwa vibaya, ugonjwa ukaingia katika jicho la pili, ambalo halikuguswa na kitu. Alipofika umri wa miaka mitano Louis alikuwa haoni kabisa.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Niliukumbuka mfuko ulioko darini, nikajiambia kwamba nilifanya vema kuuficha. Siku ya pili nikakifungua tena, nikasoma yaliyofuata, na hapo ndipo nilipoanza kuona haya.

Wazazi wa Louis hawakumweka mtoto wao chini ya mti. Huzuni waliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, maana kipofu maskini wa siku zile aliishia kuombaomba njiani. Lakini walimlea kama walivyowalea ndugu zake. Inasimuliwa kwamba baba alimchongea fimbo, naye Louis akajifunza kwenda kijijini akiigonga chini na kuhesabu hatua zake. Walimpa kazi zake nyumbani. Inasimuliwa pia kwamba baba alipigilia misumari katika ubao kwa umbo la herufi, ili mtoto azipapase na kuzijua. Fundi yule hakuwa mwalimu, wala hakusoma habari za kuwafundisha vipofu, maana karibu hakuna aliyeziandika. Alikuwa na misumari, na nyundo, na mtoto mwenye vidole vizima. Akatumia alivyokuwa navyo.

Mwaka 1815 alikuja kasisi mpya katika kijiji kile, jina lake Jacques Palluy. Huyo alipomwona Louis alitambua kuwa ana akili nyepesi, akaanza kumfundisha. Baadaye mwalimu wa shule ya kijiji, Bwana Antoine Bécheret, alikubali aingie darasani pamoja na watoto wengine. Louis alisikiliza na kushika yote kichwani. Wenzake walipofungua vitabu, yeye alikaa mikono mitupu.

Ilikuwako shule moja mjini Paris kwa ajili ya watoto wasioona, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo duniani. Mwanzilishi wake alikuwa Bwana Valentin Haüy. Mwaka 1771 Bwana huyu aliona katika soko la sikukuu vipofu waliovikwa mavazi ya upuuzi na kufanywa kichekesho mbele ya watu. Jambo hilo lilimchoma moyo. Mwaka 1784 akaanza kumfundisha kijana mmoja kipofu, François Lesueur, aliyekuwa akiombaomba mlangoni pa kanisa. Akatengeneza vitabu ambavyo herufi zake za kawaida zilipigwa chapa kwa nguvu mpaka zikainuka juu ya karatasi, ili zisomwe kwa vidole.

Louis aliingia katika shule hiyo mwezi wa Februari, 1819, akiwa na miaka 10. Nyumba ilikuwa kuukuu na yenye unyevu, haikufaa kwa afya za watoto. Lakini masomo yalikuwa mema. Walifundishwa historia, hesabu na muziki, tena walifundishwa kazi za mikono, kama kufuma na kutengeneza ndara. Louis alifanya vizuri katika yote, na zaidi ya yote katika kinanda.

Shida ilikuwa vitabu. Herufi zilikuwa kubwa, na kwa hiyo kitabu kimoja kilikuwa kizito mno. Vilikuwa vichache sana. Kidole kilipaswa kuzunguka umbo zima la herufi moja kabla ya kuijua, na mtoto alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amesahau mwanzo. Tena, ubaya mkubwa kuliko wote, hakuna mtoto aliyeweza kuandika kwa njia ile. Wanafunzi wale walikuwa kama mtu mwenye masikio lakini hana ulimi.

Mwaka 1821 shule ilipata habari za njia nyingine. Bwana Charles Barbier, aliyepata kuwa askari, alibuni maandishi ya nukta zilizoinuka. Kidole chatambua nukta upesi kuliko mstari. Lakini njia yake ilikuwa na kasoro. Nukta zilifika 12 katika alama moja, na kidole kimoja hakikuweza kuzigusa zote kwa mara moja. Tena alama zake zilifuata sauti tu, si herufi. Mwanafunzi hakuweza kujifunza tahajia, wala hapakuwa na nukta za kusimamisha sentensi wala tarakimu.

Louis alikuwa na miaka 12 tu. Aliona uzuri wa njia ile, na aliona kasoro zake, akaanza kuitengeneza upya. Alifanya kazi hiyo usiku wenzake walipolala, na wakati wa likizo alipokuwa kwao Coupvray. Mwaka 1824, alipokuwa na miaka 15, kazi ilikuwa karibu kwisha. Alikuwa amepunguza nukta kutoka 12 hadi 6.

Napenda wenzangu mjue njia hii inavyofanya kazi, maana ni nyepesi kuliko watu wadhanivyo. Fikirini chumba kidogo chenye nukta 6 katika safu mbili za kusimama. Safu ya kushoto ina nukta ya 1, ya 2 na ya 3, kutoka juu kwenda chini. Safu ya kulia ina nukta ya 4, ya 5 na ya 6. Chumba chote huenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Herufi A ni nukta ya 1 peke yake. B ni ya 1 na ya 2. C ni ya 1 na ya 4. Herufi kumi za kwanza, A hadi J, hutumia nukta nne za juu tu. Kisha, ukiongeza nukta ya 3 katika A wapata K. Ukiiongeza katika B wapata L. Na hivyo hivyo mpaka T. Basi aliyejifunza herufi kumi amekwisha kujifunza ishirini. Neno maji laandikwa hivi: 1, 3 na 4 kwa M, 1 kwa A, 2, 4 na 5 kwa J, 2 na 4 kwa I. Nukta 6 hutoa alama 63, nazo zatosha herufi, tarakimu, vituo na hata muziki. Herufi W haikuwamo hapo mwanzo, kwa sababu Kifaransa hakikuihitaji. Iliongezwa baadaye, nasi tuandikao Kiswahili twaihitaji kila siku.

Sasa fikirini chombo cha kuandikia. Karatasi ngumu huwekwa juu ya kibao, na juu yake huwekwa kipande chenye matundu yaliyopangwa sawasawa. Mwandishi hushika kalamu ya chuma yenye ncha, akasukuma nukta moja moja ndani ya matundu hayo. Huanza upande wa kulia kwenda kushoto, na akiigeuza karatasi nukta huinuka upande wa pili, zikasomwa kutoka kushoto. Kalamu hiyo yafanana sana na msharasi. Kitu cha namna ile ile kilichomtia Louis katika giza ndicho alichokishika tena mkononi mwake, kikawa kalamu yake. Hakukikimbia. Kama mtu angalikificha darini, je, tungalimjua leo?

Mwaka 1828 Louis alifanywa mwalimu msaidizi katika shule ile, na mwaka 1829 njia yake ikatangazwa katika kitabu. Mwaka 1833 akawa mwalimu kamili. Alipiga kinanda makanisani mjini Paris na kupata mshahara kwa kazi hiyo, si sadaka. Wanafunzi wake walimpenda. Inasimuliwa kwamba aliwakopesha fedha maskini miongoni mwao, na baada ya kufa kwake ilikutwa sanduku yenye hati za madeni hayo, naye alikuwa ameagiza zichomwe moto.

Tena hakuridhika kwamba vipofu waandikiane wao kwa wao tu. Mama yake kule Coupvray hakujua nukta, na mtoto hupenda kumwandikia mama yake. Kwa hiyo mwaka 1839 alitangaza njia nyingine, ya kuandika herufi za kawaida kwa nukta nyingi ndogo, ili mtu anayeona aweze kuzisoma kwa macho. Rafiki yake Pierre-François Foucault, naye kipofu, mwaka 1841 alitengeneza mashine ya kuziandika herufi hizo upesi. Katika jambo hili twaona Louis alivyofikiri. Hakujiuliza namna ya kurudisha macho, maana hayarudi. Alijiuliza ni kazi gani ya kila siku iliyomshinda kipofu, kisha akatafuta namna ambayo mkono ungeifanya.

Walakini, njia yake ilipata upinzani. Mwaka 1840 mkubwa mpya, Bwana Dufau, alishika shule, naye hakuzitaka nukta. Yeye na wengine waliona vibaya kwamba vipofu wawe na maandishi ambayo watu wenye macho hawawezi kuyasoma. Herufi za kawaida zilizoinuka zilipendeza machoni, na walimu waliozichagua walikuwa na macho. Nukta ziliondolewa darasani. Lakini wanafunzi waliendelea kuzitumia kwa siri, wakafundishana wao kwa wao, kwa sababu vidole vyao vilijua kilicho bora. Mwalimu mmoja, Bwana Joseph Guadet, aliyaona hayo akamshawishi mkubwa wake abadili mawazo. Nyumba mpya ya shule ilipofunguliwa rasmi, tarehe 22 Februari, 1844, njia ya Louis ilionyeshwa mbele ya wageni. Mtoto aliandika kwa nukta maneno aliyosomewa, na mtoto mwingine, ambaye hakuwapo, aliitwa akayasoma bila kukosea.

Watu wale waliopiga marufuku nukta hawakuwa watu waovu. Walikuwa wamejitoa maisha yao kuwasaidia vipofu. Kosa lao ni kwamba waliamua mambo ya vidole kwa macho yao, na hawakumwuliza mwenye vidole. Nilipolisoma hilo niliona haya kwa mara ya pili, maana ndilo kosa letu.

Louis alikuwa ameugua kifua kikuu kwa miaka mingi. Alikufa tarehe 6 Januari, 1852, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 43, akazikwa kwao Coupvray. Mwaka 1854 shule yake ilizikubali rasmi nukta. Mwaka 1878 mkutano uliokutana Paris ulizichagua ziwe njia ya kufundishia katika nchi nyingi. Mwaka 1952, miaka 100 baada ya kufa kwake, Wafaransa waliuhamisha mwili wake katika Panthéon, walipolazwa watu wao wakuu. Lakini watu wa Coupvray waliomba wabaki na mikono yake, nayo ingali kijijini hadi leo.

Katika nchi zetu njia yake huitwa nukta nundu. Shule ya vipofu ya Thika, katika Kenya, ilianzishwa mwaka 1946, na ile ya Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Katika miaka hiyo hiyo UNESCO ilishughulika kuzipatanisha nukta za lugha mbalimbali, ili alama moja isiwe na maana moja huku na maana nyingine kule. Na tangu mwaka 2019 tarehe 4 Januari, siku aliyozaliwa Louis, huadhimishwa na Umoja wa Mataifa kuwa Siku ya Nukta Nundu Duniani.

Sasa narudi kwa babu. Mtaniuliza kama nilimfundisha nukta nundu. La. Babu hakupata kusoma shule, na vidole vyake vimekuwa vigumu kwa kuvuta ngozi miaka 50. Kilichomfaa si nukta za Louis, bali ni ile akili ya wazazi wake. Nilimwendea mwalimu mmoja mwenye ujuzi wa kuwafundisha wasioona, nikamweleza hali ya babu, naye akaja nyumbani. Kabla ya kutuambia lolote, alikaa na babu akamwuliza ni kazi gani anazotaka kuzifanya mwenyewe. Babu alitaja tatu: kwenda chooni bila kushikwa mkono, kufika kwenye zizi, na kushona ngozi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza swali hilo.

Mwalimu alituonyesha mambo mengi ambayo hayagharimu fedha. Mlango uwe wazi kabisa au ufungwe kabisa, maana mlango wa nusu humgonga asiyeona usoni. Kila chombo kirudishwe mahali pake, hata kikombe. Mtu akiingia ataje jina lake, na akiondoka aage, asimwache mzee akizungumza na upepo. Anayemwongoza asimsukume mbele wala asimburute. Mzee ndiye ashike mkono wa mwongozaji juu ya kiwiko, atembee nyuma yake kidogo. Na ile nuru kidogo iliyobaki isidharauliwe. Tulipaka chokaa mawe tukayapanga kando ya njia ya chooni, na mchana babu huyaona kama weupe mbele yake. Uji, ulio mweupe, twampa katika bakuli la rangi nyeusi, apate kuona unapoishia. Usiku, asipoyaona mawe, ipo kamba iliyofungwa toka mlangoni hadi chooni.

Kisha alimfundisha fimbo. Fimbo ya mzee wa kwetu ni ya kuegemea, lakini hii ni nyepesi na ndefu, hufika kifuani. Namna ya kuitumia ilitengenezwa mwaka 1944 na Mmarekani Richard Hoover, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Fimbo huchezeshwa kulia na kushoto, upana wa mabega. Mguu wa kulia uendapo mbele, ncha hugusa upande wa kushoto, mahali ambapo mguu wa kushoto utakanyaga baadaye. Hivyo kila hatua hukaguliwa kabla ya kukanyagwa. Siku za kwanza babu alikasirika akaitupa. Siku ya nne aliitafuta mwenyewe.

Msharasi ulikuwa jambo gumu zaidi, maana mama aliogopa, nami niliogopa. Nilipanda darini nikauteremsha mfuko, nikauweka mapajani mwa babu. Alivitoa vyombo kimoja kimoja, akavipapasa, akavipanga kandoni mwake kwa utaratibu aliokuwa nao zamani. Kutoboa kwenyewe hakukumpa shida. Shida ilikuwa kuyapanga matundu katika mstari ulionyooka. Hapo nilikumbuka kile kibao cha Louis. Nilimweleza baba mdogo, ambaye ni seremala, akachonga ubao mwembamba wenye pengo ndogo ndogo ukingoni, zenye nafasi sawasawa. Babu huubana juu ya ngozi, hupapasa pengo kwa kidole cha mkono wa kushoto, kisha hutoboa kwa mkono wa kulia, akahamia pengo lifuatalo.

Mkanda wa kwanza ulipinda. Aliutambua mwenyewe kwa vidole, akaufumua, wala hakutaka msaada. Alijichoma gumba mara mbili. Mkanda wa tatu ulinunuliwa na jirani, naye aliununua kwa sababu alihitaji mkanda, si kwa kumhurumia mzee. Kazi ya kukata ngozi kwa kisu babu ameiacha kwa baba mdogo, kwa hiari yake. Bei yake si kama ya zamani, na zipo jioni ambazo huzuni humrudia akakaa kimya. Sitaki mtu adhani kwamba macho yamerudi. Lakini fedha ya sabuni na ya sukari hutoka mfukoni mwake mwenyewe, na hadithi za jioni zimerudi.

Wenzangu, wazazi na walimu, namaliza kwa maneno machache. Nyuso za watoto wadogo na zioshwe kila siku, na nzi wasiachwe kutua machoni mwao, kwa maana ndiyo njia ya vikope. Jicho likichomwa na mwiba au chombo, msitie dawa za kubahatisha. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, maana Louis hakuwa na bahati hiyo nanyi mnayo. Na kama katika nyumba yenu yuko asiyeona, msianze na kiti cha chini ya mti. Anzeni kwa kumwuliza ni kazi gani anayotaka kuifanya, kisha mtazame vizuri huko darini mlikoweka vyombo vyake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu